Zenith ya Land Rover: Ubovu Uko Kwenye Kifuniko, Si Kwenye Jeti

Land Rover Series III ya petroli inapoanza kutoa moshi mweusi, ikamisi kwenye sailensa, kisha ikachangamka ukishaikanyaga, mafundi wengi hukimbilia jeti. Kabureta hufunguliwa, hupulizwa kwa kompresa, hufungwa. Nafuu ikija haidumu, na ndipo mwenye gari anaposhauriwa kuitupa Zenith yake na kununua Weber. Ushauri huo hunikera, kwa sababu mara nyingi kabureta inayotupwa ni nzima kwa kila kitu isipokuwa uso mmoja wa chuma uliopinda na mpira mmoja mdogo uliochoka.

Gari ninalolizungumzia ni la Arusha, injini yake ileile ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 2,286, na kabureta yake Zenith 36 IV. Plagi zilitoka nyeusi tii, zikiwa na masizi makavu yanayopukutika kwa kidole. Kabla ya kushika spana, tulilipima likiwa linanguruma. Injini ikishapata moto, skrubu ya mchanganyiko inafungwa taratibu hadi mwisho. Kabureta nzima ikifanyiwa hivyo, injini huzimika, kwani njia pekee ya petroli ya sailensa imezibwa. Hii haikuzimika. Iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Jibu la kipimo hicho lina uzito kuliko saa nzima ya kupuliza jeti. Injini ikiwa kwenye sailensa, kipepeo kimefungwa karibu chote, hewa inayopita kwenye koo la kabureta ni kidogo, na jeti kuu haipaswi kutoa hata tone. Petroli yote inatakiwa ipite njia ya sailensa, ile inayotawaliwa na skrubu. Kama skrubu haina kauli tena, basi petroli inaingia kwa mlango mwingine. Tukavua bomba la hewa, tukamulika kooni kwa tochi. Pale katikati, kwenye mdomo wa jeti kuu panapotakiwa pawe pakavu, petroli ilikuwa inadondoka tone baada ya tone.

Mlango wenyewe uko hapa. Jeti za Zenith hii zimepangwa kwenye kipande cha kati kinachoning'inia chini ya kifuniko, pamoja na floti. Petroli inavuka kutoka kipande hicho kwenda kwenye bodi kupitia tundu linalozibwa na oringi ndogo. Nyuso zinazokutana zikiacha kuwa bapa, au oringi ikikauka, mvuto wa injini unafyonza petroli pembeni, bila kipimo chochote. Ndiyo maana kupuliza hakusaidii: jeti safi haiwezi kuzuia mafuta yasiyopita ndani yake.

Kifuniko kinapindaje? Kimesubiwa kwa aloi laini ya zinki, na kwenye injini hii manifoldi ya hewa imefungwa pamoja na ya ekzosi, kwa hiyo joto linapanda moja kwa moja hadi kwenye kabureta. Juu ya hapo kuna mikono yetu. Kabureta ikivuja, fundi anaongeza kukaza skrubu. Pembe zinavutwa chini, katikati panainuka, uvujaji unazidi, naye anakaza tena.

Kazi ya kunyoosha haihitaji mashine. Tulitoa kila kitu kwenye kifuniko na kwenye kipande cha jeti, tukalaza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo kinene cha dirisha, tukapaka uso wa chuma wino wa kalamu nzito, kisha tukausugua kwa mwendo wa namba nane, bila kuukandamiza. Baada ya mizunguko michache pembe ziling'aa, katikati wino ulibaki kama ulivyopakwa. Hapo unauona mpindo kwa macho yako. Unaendelea hadi wino uishe kote, kisha unaacha. Chuma kinachozidi kuondolewa hakirudi. Bodi nayo ilipimwa kwa rula ya chuma. Oringi mpya iwe ya mpira unaostahimili petroli, kama nitraili au vitoni. Oringi ya bomba la maji huvimba, na kazi yote inakuwa bure.

Tulitikisa pia ekseli ya kipepeo. Ikicheza sana, hewa inaingia pembeni, na hapo dawa ni mchonga vyuma kuweka bushi za shaba. Hii ilikuwa imara.

Kuna jambo la Arusha lenyewe. Mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Kabureta haijui uzito wa hewa, kwa hiyo jeti inayofaa Dar es Salaam hutoa mchanganyiko wenye petroli zaidi Arusha, kwa takribani asilimia 7. Kiasi hicho huongeza matumizi, lakini hakifanyi plagi ziwe nyeusi tii. Anayepunguza jeti kabla ya kuziba uvujaji atakuwa na gari linalotoa moshi likisimama na kukosa nguvu mlimani.

Weber 34 ICH si kabureta mbaya. Ni rahisi na haina usumbufu, ila koo lake ni jembamba, na injini hii ikiwa na mzigo kwenye mwinuko mrefu utahisi pumzi imepungua. Bodi ya Zenith ikiwa na ufa, nunua tu, na hata Zenith mpya ya kuiga ilaze kwenye kioo kabla ya kuifunga.

Kifuniko kilirudishwa kwa kukaza skrubu mshazari, kidogo kidogo, kwa bisibisi fupi. Skrubu ya mchanganyiko ilianzia mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho, ikarekebishwa injini ikiwa na moto. Tulipoifunga yote kurudia kile kipimo cha mwanzo, injini ilizimika papo hapo.