Kusawazisha Sauti Bila Kuilaza

Ngoma ya Kisukuma haikutungwa kwa ajili ya chumba. Huchezwa uwanjani, mavuno yakishaingia ndani, kundi la Bagika upande huu na la Bagalu upande ule, na ushindi huenda kwa kundi lililovuta watazamaji wengi zaidi. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo, huanza peke yake, taratibu, kana kwamba anaongea na watu wa mbele tu. Halafu kiitikio kinaanguka kwa mkupuo, filimbi ikilia juu yake, njuga zikitikisika miguuni, ngoma kubwa ikiguruma chini. Tofauti iliyopo kati ya ile sauti ya peke yake na ule mkupuo ndiyo inayomsimamisha mpita njia. Uwanjani hakuna anayelalamika kwamba sauti hazilingani.

Wimbo huohuo ukirekodiwa kwenye kompyuta, katika chumba cha uani pale Bariadi, malalamiko yanakuja siku hiyohiyo. Mteja anausikiliza kwenye simu. Ningi akiimba, anaongeza sauti hadi mwisho. Kiitikio kikiingia, anashtuka na kuipunguza upesi. Ukiwekwa kwenye sabufa ya dukani, kiitikio kinapasuka, na maneno ya ningi, ambayo ndiyo hasa yaliyolipiwa, hayasikiki. Kutoka hapo hadi kuupata wimbo unaosikilizika mwanzo mpaka mwisho kuna kazi kubwa ya masikio na mikono, na mafundi wa studio ndogo za nyumbani wa Bariadi, Maswa na Lamadi huifanya kwa vifaa ambavyo mtu wa Dar es Salaam angevicheka. Mimi sivicheki.

Ugumu wake ni huu. Kuna kupanda na kushuka kwa mwimbaji, na kuna kupanda na kushuka kwa maiki. Kwa kwanza ni mali ya wimbo. Kwa pili ni ajali: ningi amegeuza shingo kumtazama mpiga ngoma, amerudi nyuma nusu hatua, au kompyuta imejiamulia yenyewe kuongeza sauti. Kwenye kioo cha kompyuta vyote viwili vinaonekana vilevile, vilima na mabonde ya wimbi la sauti. Fundi asiyeijua ngoma huvilaza vyote, na anachomkabidhi mteja ni wimbo uliolingana kila mahali, usio na mahali pa kumsimamisha mtu. Fundi mzuri huondoa ajali na kuacha mali.

Sehemu kubwa ya ajali huzuiliwa kabla kompyuta haijaguswa, na hapa fizikia haina upendeleo. Umbali kati ya mdomo na maiki ukiongezeka mara mbili, sauti inashuka kwa takriban desibeli 6. Mwimbaji aliyezoea kucheza huku akiimba hatulii. Akisimama sentimita 10 kutoka kwenye maiki kisha akayumba hadi sentimita 20, desibeli 6 zimekwenda, na neno zima linaweza kuzama. Akianzia sentimita 50 na kuyumba sentimita zilezile 10, kinachopotea hakifiki hata desibeli 2. Kwa hiyo fundi mwenye akili hamkatazi ningi kuyumba, maana ningi asiyeyumba haimbi vizuri. Anamrudisha nyuma kidogo. Waitikiaji anawarudisha zaidi, hadi karibu na ukuta, na mwenye filimbi anamgeuza aangalie pembeni.

Mbinu hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, na alisifika kwa kushika maiki yake mwenyewe na kuisogeza: karibu na mwimbaji anapoimba peke yake, mbali kidogo wengine wanapoitikia. Kilichonaswa siku ile ndicho kilichobaki. Usawazishaji wote ulifanywa na mkono wake wakati wimbo ukiendelea, jambo lililomlazimu kuujua wimbo kabla ya kuurekodi.

Lakini kumrudisha mwimbaji nyuma kuna gharama. Maiki iliyo mbali na mdomo inasikia chumba: mwangwi wa ukuta wa saruji, feni ya kompyuta, bodaboda barabarani, jogoo wa jirani asiyejali saa. Ndiyo maana studio hizi zina magodoro yaliyosimamishwa ukutani na mablanketi dirishani. Kwa mkoa huu wa Simiyu, unaoongoza nchini kwa pamba, kuna faida nyingine isiyozungumzwa sana: gunia la pamba lililosukumwa kwenye kona hunyonya mwangwi vizuri kuliko povu jembamba linalouzwa ghali kwa kazi hiyo. Kwa mvua juu ya bati hakuna dawa. Mvua ikianza, watu wanatoka nje ya chumba, wanakaa barazani, wanasubiri.

Halafu kuna kompyuta yenyewe, na hili huwakwaza wengi wanaojifunza peke yao. Kompyuta za nyumbani na maiki za bei nafuu mara nyingi huja na mpangilio unaoongeza na kupunguza sauti bila kuuliza. Mpangilio huo uliwekwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Ningi akinyamaza kuvuta pumzi, kompyuta inadhani ameishiwa sauti, inaongeza. Unasikia pumzi yake na feni vikikua. Kiitikio kikiingia, inashtuka na kukandamiza, na maneno mawili matatu ya mwanzo yanatoka yamebanwa. Anayejifunza hulaumu maiki na kwenda kununua nyingine, kumbe ugonjwa unamsubiri palepale. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya sauti, kuzima kila kinachojiendesha, kisha kupima kiwango kwa mkono. Na kipimo hakichukuliwi kwenye ubeti wa ningi. Kinachukuliwa kwenye kiitikio kikiwa moto, filimbi ikiwa ndani, na hata hapo fundi anaacha nafasi ya kama desibeli 12 kabla ya dari. Juu ya dari hiyo kompyuta haina pa kuandika, inakata vichwa vya mawimbi, na kichwa kilichokatwa hakishoneki.

Fundi mmoja wa Bariadi niliyewahi kumtazama akifanya kazi alikuwa na desturi ambayo mwanzoni niliiona kama uvivu. Akimaliza kurekodi, anausikiliza wimbo wote bila kugusa kitu. Mikono iko mapajani. Mara ya pili anausikiliza akiwa amezima kioo, ili macho yasimdanganye, na anaandika kwenye daftari la shule dakika na sekunde za kila neno lililozama na kila sauti iliyomchoma sikio. Ni hapo tu ndipo anafungua kazi. Programu yake ni Audacity, ya bure, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Ndani yake kuna zana inayoweka mstari juu ya wimbi la sauti. Fundi anauwekea nukta, anazivuta juu au chini, na sauti inafuata. Kazi hii inafanana na palizi ya pamba. Unakwenda mstari kwa mstari, umeinama, na lazima ujue mche upi ni pamba na upi ni gugu, maana vikiwa vichanga vinafanana. Neno lililozama analipandisha desibeli 3 au 4. Filimbi inayochoma anaishusha. Ningi aliposhusha sauti makusudi, akitaja jina la marehemu au akiwavuta watu kabla ya utani, anapaacha palivyo. Anajuaje kwamba ni makusudi? Amesimama uwanjani tangu utotoni.

Kuna jambo la Kisukuma ambalo programu hazilijui. Lugha hii ina sauti za puani zinazotolewa kwa pumzi, zile zinazoandikwa mh, nh na ng'h. Mtu akijibu salamu kwa mhola, mwanzo wa neno hilo ni hewa inayopita puani, karibu haina mlio. Kwa kompyuta huo ni upepo tu. Sasa, wengi wakitaka kuondoa kelele za feni huweka geti, kifaa cha programu kinachofunga sauti yoyote iliyo chini ya kiwango fulani. Geti hilo humeza mwanzo wa mhola, na mwimbaji anabaki akisema ola. Mzee wa Itilima atasikia kasoro hata kama hawezi kusema iko wapi. Ataona tu kwamba kijana huyu anaimba Kisukuma cha mjini. Fundi wangu hakuwa na geti kabisa. Kelele za feni alizipunguza katikati ya beti tu, kwa mkono, na mbele ya kila mh aliacha nafasi ya pumzi.

Baada ya palizi ndipo inakuja kompresa, na si kabla. Kompresa hushusha yenyewe sauti inapozidi kiwango ulichoweka. Si kifaa kibaya. James Lawrence, mhandisi wa Marekani, alitengeneza kompresa maarufu ya LA-2A miaka ya 1960, na ndani yake kulikuwa na chanzo kidogo cha mwanga: sauti ikikua mwanga unaongezeka, na mwanga ukiongezeka kifaa kinachouhisi kinashusha sauti. Kwa sababu kifaa hicho kilichelewa kidogo kurudi katika hali yake, sauti ilishuka na kupanda kwa ulaini, na programu za leo bado zinajaribu kuiga kuchelewa huko. Ubaya unaanza kompresa inapopewa kazi yote. Ukiifungia ngoma, ningi na waitikiaji kwa pamoja, kila pigo la ngoma kubwa linaikandamiza sauti ya ningi, kisha inarudi, kisha inakandamizwa tena, na wimbo mzima unahema kama mgonjwa. Ukiiweka iwahi mno, inaua mwanzo wa pigo, na katika bugobogobo, ngoma ya majembe, mwanzo wa pigo ndio unaoinua mguu. Ikija baada ya kazi ya mkono, kompresa haina mengi ya kufanya. Inagusa tu.

Kitufe kinachoitwa nomalaizi, kinachopendwa sana na wenye haraka, nakiona ni utani. Kinatafuta kilele kimoja cha juu kuliko vyote, kisha kinapandisha wimbo wote kwa kipimo hichohicho hadi kilele kiguse dari. Mlio mmoja wa filimbi unatosha kuamua hatima ya dakika saba za uimbaji. Kilichokuwa chini kinabaki chini, kwa tofauti ileile.

Mwisho kabisa ni kupima kwa masikio ya watu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sikio la binadamu halina usawa: sauti ikiwa ndogo, tunapoteza besi mapema kuliko tunavyopoteza sauti za kati. Fundi anayechanganya wimbo usiku kwa sauti kubwa ataridhika na ngoma yake, na asubuhi mteja akiusikiliza taratibu, ngoma imetoweka. Basi anasikiliza kwa sauti ndogo kwanza. Kisha kwenye simu, ambayo spika yake haina besi ya kusema. Kisha kwenye sabufa, na ikiwezekana ndani ya bajaji inayotembea. Anayekazana kuupandisha wimbo ili uzizidi nyingine kelele anajisumbua: YouTube hupunguza yenyewe nyimbo zilizozidi kiwango chake, kwa hiyo kinachobaki ni ule ubanaji tu, bila ile faida ya kelele.

Kazi ya namna hii huchukua muda mrefu kuliko kurekodi kwenyewe, na wateja wengi hulipia kurekodi tu. Msimu wa kuuza pamba unapowapa watu fedha, wanaotaka nyimbo huja kwa pamoja, kila mmoja akitaka ya kwake imalizwe siku hiyohiyo. Wewe unayekwenda kurekodi kwaya yako, harusi yako au ngoma ya baba yako, mpe fundi siku ya pili, na uilipie. Na kabla hujaondoka na wimbo uliokamilika, mwombe akuwekee kwenye flashi faili ghafi pia, za kabla ya kompresa, kila sauti peke yake. Fundi bora zaidi akija baadaye ataanzia hapo. Wimbo uliokwisha kubanwa hauwezi kubanuliwa.