Wasoma Bahari wa Signal Hill

Signal Hill ni kilima cha mawe chenye kimo cha mita 160 hivi, kilichosimama kwenye mlango wa bandari ya St. John's, kisiwani Newfoundland, mashariki kabisa mwa Kanada. Chini yake upo mkono mwembamba wa bahari uitwao The Narrows, njia pekee ya chombo kuingia bandarini. Ng'ambo yake, pale Fort Amherst, pamekuwa na mnara wa taa tangu mwaka 1813. Bandari yenyewe imejificha nyuma ya majabali, kiasi kwamba tajiri aliyekaa dukani kwake Water Street hakuweza kuona kinachokuja kutoka bahari kuu. Aliyekuwa kilimani aliona pande zote mbili. Kazi ya ishara ilitokana na tofauti hiyo.

Bendera zilianza kutwekwa kilimani hapo mwaka 1704. Mlinzi alitakiwa kukitambua chombo kingali mbali, kwa idadi ya milingoti na mkato wa matanga, kisha atambue ni cha nani. Kila nyumba ya biashara ilikuwa na bendera yake. Alipokuwa na hakika, aliitundika bendera hiyo kwenye foromali ya mlingoti, pamoja na ile ya kuonyesha aina ya chombo, nao watu wa mjini wakainua macho. Tajiri aliyeiona rangi yake alitayarisha gati na kuita makuli mapema, nahodha akiwa bado yuko nje. Kosa moja la jicho lingewakusanya makuli kwenye gati la mwingine. Na pwani ile haina uhaba wa ukungu! Ustadi wa namna hii haukupatikana kwa kukariri chati ya bendera; ulitaka mtu aliyezoea vyombo kama mchungaji anavyozoea ng'ombe wake.

Mnara wa mawe unaopigwa picha sana leo, Cabot Tower, ulikamilika mwaka 1900. Ulijengwa kuadhimisha miaka 400 ya safari ya baharia John Cabot na miaka 60 ya Malkia Victoria kwenye kiti cha enzi. Wengi hudhani Marconi, mwanzilishi wa redio, alifanyia humo jaribio lake la kupokea ishara kutoka ng'ambo ya bahari. Sivyo. Tarehe 12 Desemba 1901 alikuwa katika jengo jingine la kilimani, lililokuwa hospitali, huku waya wa antena ukiwa umeinuliwa kwa tiara katika upepo mkali. Alisema alisikia nukta tatu za herufi S, zilizotumwa kutoka Poldhu, Uingereza. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama kweli alizisikia. Kampuni iliyohodhi simu za waya kisiwani haikungoja mjadala huo: ilitishia kumshtaki, naye akahamishia majaribio yake Nova Scotia.

Redio haikuwafukuza watu wa bendera. Waliendelea na kazi hadi mwaka 1960.

Anayekizuru kilima hicho avae koti zito hata kiangazi, kwa kuwa upepo wake hauna simile. Njia nzuri ni ya miguu, inayopanda kutoka mtaa wa The Battery ikiambaa na jabali juu ya The Narrows. Akifika juu, asiishie kwenye mnara. Atazame kwanza baharini, kisha ageukie mjini: hapo ataelewa kwa nini mlingoti ulisimikwa mahali pale.