Jiwe na Kilio: Kuisoma Tena In Memoriam ya Tennyson

Mwaka 1936 T. S. Eliot alitoa hukumu ambayo wahakiki wa ushairi wa Kiingereza hawajaacha kuirudia: kwamba In Memoriam ni utungo wa dini si kwa imani iliyomo, ambayo aliiona dhaifu, bali kwa shaka yake, ambayo aliiona kali na ya kweli. Hukumu hiyo ina haki kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, imewafanya wengi wadhani kwamba Alfred Tennyson alikusudia kuipatanisha sayansi na Ukristo, akashindwa. Utungo wenyewe, ukisomwa kwa utulivu, unaonyesha mtu aliyeukataa upatanisho mwepesi uliokuwa mbele yake, na ambaye aliteleza pale tu alipoukubali.

Kisa chake kinajulikana. Arthur Hallam, sahibu wa mshairi na mchumba wa dada yake, alifariki ghafla mjini Vienna mwezi wa Septemba 1833, akiwa na umri wa miaka 22. Tennyson, mtoto wa kasisi, akaanza kutunga mbolezi iliyomchukua miaka 17 hadi ilipochapishwa mwaka 1850 bila ya jina la mtunzi. Leo ina sehemu 131 zenye namba, mbali na dibaji na tamati.

Husemwa mara nyingi kwamba Darwin ndiye aliyemtikisa. Tarehe zinakataa. Kitabu cha Darwin juu ya asili ya spishi kilitoka mwaka 1859, miaka tisa baada ya mbolezi. Kilichomtikisa Tennyson ni jiolojia, na khasa Principles of Geology cha Charles Lyell, kilichotoka kwa juzuu tatu kati ya 1830 na 1833, naye akakisoma mwaka 1837. Humo alikuta ardhi isiyo na haraka, mito ikiila milima kwa muda usiohesabika, bahari ikiacha nchi kavu na kuimeza tena, na visukuku vya viumbe ambavyo havipo popote duniani. Msomaji wa Unguja hana haja ya kwenda mbali kulielewa hilo: kuta za Mji Mkongwe, na za Kanisa Kuu la Mkunazini lililoanza kujengwa mwaka 1873, ni za mawe ya matumbawe, yaani mabaki ya viumbe vilivyokuwa hai chini ya maji.

Kwa nini visukuku viliumiza imani? Mafundisho yaliyozoeleka Uingereza, yakipewa nguvu na kitabu cha William Paley cha mwaka 1802, yalisema kwamba kiumbe kilichoundwa vyema humshuhudia Muumba mwenye hekima na huruma, kama saa inavyomshuhudia fundi wake. Ikiwa basi aina nzima za viumbe zimeachwa zifutike, kijana mmoja aliyekufa ugenini ana dhamana gani? Hapo ndipo sayansi na msiba vinapokutana katika mbolezi hii. Havikutani katika mjadala wa maktabani.

Kiini chake ni sehemu za 54 hadi 56. Katika ya kwanza mshairi anatumaini kwamba hakuna uhai utakaotupwa kama taka, kisha anakiri kuwa yeye si lolote ila mtoto mchanga anayelia usiku, asiye na lugha nyingine isipokuwa kilio hicho. Katika ya pili anaona kwamba maumbile hujali aina na hayamjali mmoja mmoja. Katika ya tatu hata faraja hiyo inaondoka: majabali yanatoa ushahidi kwamba aina nazo zimekwenda, na maumbile, yakipewa sauti ya mwanamke, yanasema hayajali kitu. Hakuna hoja inayoletwa kumjibu.

Mpenzi wa tenzi atatambua jambo ambalo wahakiki wa Ulaya hawana sababu ya kulitambua. Kila mstari wa Tennyson una mizani nane, hesabu ileile ya kipande cha utenzi. Lakini utenzi hufunga kila ubeti kwa bahari moja, na msikilizaji anajua tangu mwanzo atarejeshwa wapi. Ubeti wa Tennyson una mpangilio mwingine. Kina cha kwanza kinaachwa, sikio linavutwa na jozi ya katikati, kisha kile cha kwanza kinarudi kikiwa kimeanza kusahaulika. Ubeti unaofuata hauna kina cha kuushika huo uliopita. Ni mwendo wa mtu anayetoka mlangoni na kurudi palepale, na miaka 17 ya huzuni haikupata umbo bora kuliko hilo.

Shaka haikuishia kwenye mawe. Tumaini la sehemu ya 54 linagusa fundisho la adhabu ya milele. F. D. Maurice, rafiki wa Tennyson aliyemsimamia mwanawe katika ubatizo, alipoteza kazi yake King's College, London, mwaka 1853 kwa kulihoji fundisho hilo. Na katika sehemu ya 31 mshairi anamgeukia Lazaro. Mtu aliyekaa kaburini siku nne amerudi nyumbani, jirani wamejaa furaha, lakini hakuna anayeambiwa huko alikotoka kukoje. Ama yeye hakusema, ama mwandishi wa Injili alinyamaza. Tennyson haikanushi Injili. Anaonyesha tu mahali inapokaa kimya, na ukimya huo unamchoma mfiwa kuliko kanusho lolote.

Anapoteleza ni sehemu ya 118 na tamati. Humo mabadiliko ya viumbe yanageuzwa ngazi: mnyama anaachwa chini, mwanadamu anapanda, na Hallam anakuwa mtangulizi wa kizazi bora kitakachokuja. Ni upatanisho wa kupendeza, nao umechakaa, kwani biolojia iliyofuata haikuahidi ngazi yoyote. Dibaji nayo, iliyotungwa mwaka 1849 na kuwekwa mwanzoni, inamwomba Kristo msamaha kwa kilio ambacho msomaji hajakisikia bado. Malkia Victoria, aliyefiwa na mumewe mwaka 1861, alipata humo faraja kubwa. Wasiofiwa wanaweza kuanzia mbele zaidi.

Jibu la kweli limo katika sehemu ya 124. Tennyson anasema wazi kwamba hakumpata Mungu katika bawa la tai wala jicho la mdudu, na hapo anaiweka kando saa ya Paley. Kisha yule mtoto wa sehemu ya 54 anarudi. Bado analia, ila safari hii analia akijua baba yu karibu. Kati ya vilio viwili hivyo hakuna jiwe jipya lililochimbuliwa, wala uthibitisho uliopatikana, na mshairi hadai kuwa upo.

Mwaka 1868 Darwin, aliyezaliwa mwaka mmoja na Tennyson, 1809, alipumzika Freshwater katika kisiwa cha Wight, alikokuwa akiishi mshairi. Walipoonana, Tennyson alimuuliza kama nadharia yake inaupinga Ukristo. Darwin alijibu kwamba haiupingi. Mbolezi ilikuwa imekwisha kuchapishwa miaka 18 iliyopita, na mtunzi wake alikuwa bado anauliza.