La vie est belle: juu ya nini tungali tunacheka?

Bandugu, filme La vie est belle ya Mwezé Ngangura na Benoît Lamy ilitoka 1987. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini ukiiweka leo hapa Lubumbashi, batu banacheka.

Si juu ya sauti ya Papa Wemba tu. Yeye ni Kourou, muimbaji wa kijijini anayefika Kinshasa na kupata kazi ya boyi kwa Nvouandou, patron mwenye bar ya muziki. Patron iko na pesa, lakini mambo ya kitanda imemshinda. Nganga anamwambia aoe bibi mwingine, na anamtaka Kabibi, ule Kourou anamupenda. Kicheko kinamwangukia patron zaidi kuliko boyi.

Kasoro ni mwisho: Kourou anapanda jukwaani, na shida zote zinaisha. Siye wa licence ya agronomie tunajua kazi haiji vile. Lakini Kourou anafagia nyumba ya mtu na haachi kuwa muimbaji. Ndiyo maana mwenye diplome anayeuza makala mu komini Kenya anaweza kuiangalia bila kuona kama ni yeye njo anachekwa.