Chumvi si dawa ya kila uzi



Jamani, nina dukuduku langu juu ya makala zinazosifu viongezi katika kusokota nyuzi za polima kwa umeme. Kwa wasio wa fani hii: unayeyusha polima, unaijaza kwenye bomba la sindano, unaipa umeme wa volti elfu kumi, kumi na tano hivi. Tone linachongoka, linatoa mchirizi unaochapwachapwa hewani mpaka kiyeyushi kikauke, na uzi mwembamba unatua kwenye bamba. Mambo yakienda mrama, uzi unatoka na vinundu kama shanga zilizotungwa.

Sasa karibu kila makala ninayoletewa niipitie inasema hivi: tulitia chumvi, upitishaji wa umeme ukapanda, shanga zikatoweka, basi sababu ni hiyo. Halafu inatajwa kazi ya Fong, Chun na Reneker ya 1999. Hivi wameisoma kweli? Mle mna mambo matatu: mnato, mvutano wa uso na chaji inayobebwa na mchirizi. Ethanoli ilipochanganywa na maji, mvutano ulishuka, lakini mnato na chaji navyo havikutulia. Nani basi wa kupewa lawama au sifa? Wenyewe walikuwa waangalifu. Wanaowanukuu ndio wanaochukua moja na kuacha mawili.

Au tazameni Zong na wenzake, 2002. Chumvi za aina mbalimbali katika polima ya asidi laktiki iliyoyeyushwa kwa DMF: ya potasiamu fosfeti ilitoa nyuzi za nanomita 1000 hivi, chumvi ya mezani 210. Maelezo yake ni kwamba ioni ndogo hukimbia upesi zaidi. Huenda. Ila chumvi ya mezani haiyeyuki sana katika DMF, na yeyote anayerudia jaribio hilo ningemuuliza kwanza ni kiasi gani kiliyeyuka na kiasi gani kilibaki chembechembe.

Nasema haya kwa sababu yamenikuta. Nikifanya uzamivu hapa Uingereza, nilitia chumvi, nyuzi zikawa nyembamba, nikafurahi nikaandika sura nzima. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: unyevunyevu wa chumba ulikuwa ngapi? Kumbe nyuzi zisizo na chumvi nilizisokota Julai, zenye chumvi Januari, hita zikiwaka. Miezi sita ikaenda na maji.

Lingine ni hili neno "ubora". Limekuwa na maana ya wembamba tu! Kiyeyushi hukauka kikaondoka, lakini kiongezi kinabaki ndani ya uzi. Lin na wenzake mwaka 2004 walionyesha kwamba safaktanti zenye chaji chanya huondoa shanga katika polistarini, wakati ile isiyo na chaji ilizipunguza tu. Kazi nzuri, siibishi. Lakini safaktanti hizo ni za ukoo mmoja na zile zinazotumika kuulia vijidudu. Ukisokota kichujio cha hewa, sawa. Ukisokota kitambaa cha kufunikia kidonda, seli za mgonjwa zitasemaje? Makala nyingi zinaishia kwenye picha ya hadubini, mambo kwisha.

Mwenye makala iliyopima mnato, mvutano, upitishaji na unyevunyevu kwa pamoja, siku moja, halafu ikaziosha nyuzi na kupima kilichobaki, anitumie. Nitaisoma usiku huu huu.