Kasra Chini ya Shadda

Katika duka la kuchapa nyaraka mjini Nachingwea nilimkuta kijana akiandaa somo la madrasa, kazi ya maalim mmoja wa Ruangwa. Ukurasa mmoja tu, wa herufi kubwa za Kiarabu, kwa watoto wanaoanza kuunganisha. Ulimchukua karibu saa nzima. Nami niliyekwenda kutoa nakala tu, nilikaa nikamtazama hadi mwisho.

Maneno yenyewe alikwisha kuyaandika. Muda wote aliutumia kukagua irabu. Alikuza ukurasa hadi herufi moja ikajaa kama kiganja, akapita neno kwa neno. Fatha, alama ya a, imekaa juu ya herufi yake, au imeteleza kwa jirani? Dhumma, alama ya u, imegongana na shingo ya lamu? Mstari wa juu umekatwa vichwa? Hilo hutokea nafasi ya mistari inapobanwa kwa kipimo kimoja: kinachozidi hukatwa, na kinachozidi huwa ni irabu.

Ukikata irabu umekata maana. Kaf, ta na ba ni herufi zilezile, lakini kataba ni aliandika, kutiba ni iliandikwa, kutub ni vitabu. Wazee wetu wa Pwani walioandika Kiswahili kwa herufi hizo waliijua shida hii vizuri. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili kina tano, na p mara nyingi iliazima ba, kama ilivyokuwa kwa mb. Pembe, pimbi na bibi ziliweza kuandikwa namna moja, msomaji akaamua kwa muktadha. Ndiyo maana wapo waliosimamisha kasra, alama ya i, wima ili iwe e, wakapindua dhumma ili iwe o. Mabadiliko madogo hayo ni kazi ya akili kubwa.

Alama zenyewe zina asili yake. Al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni wa Basra wa karne ya 8, ndiye anayetajwa kuwa alizipa sura tunayoijua: dhumma ni wau ndogo, shadda, alama ya kukaza herufi, ni kichwa cha shini. Kabla yake zilitumika nukta za rangi.

Penye shadda kijana alisimama muda mrefu zaidi, na alikuwa na haki. Mkono wa mwandishi huweka shadda kwanza, kisha irabu. Ndani ya kompyuta kila alama ina namba ya daraja: fatha 30, dhumma 31, kasra 32, shadda 33. Programu inaposawazisha maandishi hupanga kwa namba hizo, basi shadda inajikuta nyuma ya fatha. Chombo cha kuchora herufi kinapaswa kuirudisha mbele, kuiketisha juu ya herufi, kisha kuipandisha fatha juu yake. Kasra ndiyo ngumu kuliko zote: katika fonti nyingi haishuki chini ya herufi, hukaa chini ya shadda, palepale juu. Fonti ya Amiri, aliyoitengeneza Khaled Hosny kwa kufuata herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo, huliweza jambo hili kwa upole ambao macho hayachoki kuutazama.

Kiebrania nacho kina shida yake ya mpangilio. Katika jina Yerushalayim la Biblia, herufi moja, lamedi, hubeba irabu mbili, a kisha i. Kompyuta ikisawazisha, i hutangulia, kwa kuwa daraja lake ni dogo. Dawa yake ni kutia katikati alama isiyoonekana, inayozizuia zisipishane.

Kijana alipofuta kosa lake la mwisho, kitufe kiliondoa kasra peke yake na herufi ikabaki. Akaiandika upya, akachapa nakala moja, si zote arobaini zilizoagizwa.

Maalim alifika baada ya sala ya adhuhuri. "Hebu pitia kwanza, maalim," kijana alimwambia. Mzee akaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, kama wanavyosomeshwa watoto ubaoni. Palipo na shadda alikaza sauti, akanyamaza, akatazama tena.

"Imekaa," alisema.

Nawe ukipeleka dukani maandishi yenye irabu, omba nakala moja kwanza, uisome kwa sauti mbele ya aliyeichapa.