Vitabu vinavyosomwa kwa kinywa

Kuna neno moja linalorudi kila mara watu wa mashule na wa kultura wakikutana hapa Lubumbashi: "Bantu ba huku habasomake." Linasemwa kwa huzuni kidogo, na mara nyingine anayelisema hajafungua kitabu tangu siku alipopata diploma. Sisi tulioombwa kuandika juu ya vitabu katika kijitabu hiki cha desturi, hatukutaka kulikubali mbele ya kuuliza. Basi tuliuliza: mu lupango, ku soko, nje ya kanisa, pale watu wanapongojea bisi. Unasoma nini siku hizi, na kitu gani kinakupendeza ndani?

Matata ilianza na swali lenyewe. Katika Kiswahili chetu kusoma ni kuangalia maandiko na kuyasikia, lakini ni pia kwenda shule. Kijana mmoja alijibu palepale: "Minasoma droit, ku Kasapa." Mama mmoja muuza samaki alituambia kwamba yeye hakusoma hata kidogo, baba yake alikataa. Lakini ndani ya kikapu chake mlikuwa kitabu cha sala, kimefungwa katika nailoni, kurasa zimegeuka rangi kwa vidole. Anakifungua kila asubuhi mbele ya wateja kufika. Kwake kazi ile haiitwi kusoma, inaitwa kusali. Tangu pale, mtu akitulilia kwamba Walushois hawasomi, sisi tunamuuliza kwanza anahesabu kusoma gani.

Maana vitabu viko. Biblia iko karibu mu kila nyumba. Vijitabu vya Mediaspaul vinapita toka mkono huu mpaka ule. Wanafunzi wanasoma makitini ya maprofesa, yale ya fotokopi, na wengi hawana wakati wa kingine. Kati ya mji, chini juu ya shiti la nailoni, unakuta riwaya za Gérard de Villiers na ule mwanamke wao mwenye bunduki ku kifuniko, na pembeni yao vitabu vya mapendo vya Harlequin ambavyo vimeshapita mu mikono ishirini. Hatutapoteza wino mwingi juu ya hivyo. Vinasaidia kupitisha usiku, navyo havikuahidi zaidi.

Jina ambalo watu wa umri wa makamo walilitaja kwa furaha ni la Zamenga Batukezanga. Alizaliwa Luozi, kule Bas-Congo, mwaka 1933, akafariki Kinshasa mwaka 2000. Mu mauniversité kuna waliomdharau: walisema Kifaransa chake ni chepesi, hadisi zake ni za watoto wa shule. Ni kweli kwamba anafundisha mno. Mara nyingi unaona mtu anaingia katika hadisi kwa sababu tu mwandishi anataka somo fulani lisemwe, na akiisha kulisema anatoka bila kuaga. Lakini nani mwingine alijua namna ile mambo ya mjomba, ya ulozi, ya feza ya jamaa, ya mtoto aliyetoka kijijini akafika mjini na viatu vya kuazima? Bandoki ilitoka mwaka 1973, Carte postale mwaka 1974, na mpaka leo mtu anaweza kukusimulia moja au nyingine toka mwanzo mpaka mwisho bila kukosa. Vitabu vyake ni vyembamba, vinaingia mu mfuko wa suruali, vinaisha kwa siku mbili. Na zaidi ya yote vinakubali kusimuliwa.

Hapa ndipo tunafika ku desturi. Katika malupango yetu kitabu hakisomwi na mtu mmoja. Anasoma mmoja, wengine wanasikia. Mangaribi courant ikikatika, watu wanakaa inje, yule aliyesoma anaanza: "Kulikuwa muntu moya, mu kile kitabu…" Wanamkatiza, wanamuuliza, wanamlaumu yule mtu wa ndani ya kitabu sawa vile angekuwa jirani. Kinshasa inageuka Lubumbashi, mto Kongo unageuka Lwapula, mjomba wa Kikongo anaanza kusema maneno ya Kiluba. Tumesikia hadisi moja ya Zamenga kwa kinywa cha kijana ambaye hakukiona kitabu hata siku moja. Aliipokea kwa mukubwa wake, naye mukubwa aliipokea ku internat. Tulipomuuliza ni ya nani, alishangaa: "Ya yaya."

Wengine watasema hiyo ni uzuri wa mila, bakambo walikuwa wanafanya vile. Ndiyo, lakini si kila mila inatupasa kuisifu kwa macho yaliyofungwa. Hadisi inapona, mwandishi anakufa. Hakuna anayenunua kitabu ambacho amekwisha kukisikia, na mtoto anayekua katika barza ile anaweza kufika miaka ishirini bila kujua kwamba kuandika ni kazi ya mtu mwenye jina, mwenye nyumba, mwenye madeni. Tunapenda barza. Tungependa tu msimulizi aanze kwa kutaja jina la mwandishi, kama vile mtu anavyotaja mwenye arusi mbele ya kuanza kucheza.

Vijana, wao, wanataja Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila. Huyu ni mtoto wa hapa, wa mwaka 1981, anakaa Graz mu Autriche, na kitabu chake kilitoka Ufaransa mwaka 2014. Kilisifiwa huko mbali kwanza, halafu sifa zikatufikia, kitabu chenyewe kikafika nyuma, na kwa bei ya kuogopesha. Wengi wanaokitaja, tukiuliza vizuri, hawakukimaliza. Tunawasikia. Ni hadisi ya bar moja, ya Lucien anayetaka kuandika na ya rafiki yake Requiem anayetaka feza, na karibu yao wachimbaji, wanafunzi, wageni wenye mifuko, wasichana wanaouliza saa. Swali lile la saa linarudi na kurudi mpaka msomaji wa kimya anachoka. Lakini tulijaribu kusoma kurasa kumi kwa sauti, watu wawili wakipokezana, na kitabu kikafunguka. Kumbe kurudiarudia kule si uvivu. Ni kiitikio, sawa mu wimbo. Yule aliyekiandika ana sikio la mtu aliyekulia mahali ambapo kila mtu anasema kwa wakati mmoja. Kosa letu naye ni lingine: wanawake wa Tram 83 ni kelele ya kundi, wanapita na kupita, wala hakuna hata mmoja tunayemuona kwao, na mama yake, siku ya mungu. Mji huu tunaujua, na wasichana wale tunawajua. Wana zaidi ya swali moja.

Basi kama Kifaransa cha Mwanza Mujila kinataka kinywa, je, maandiko ya Kiswahili chetu wenyewe? Yako machache kuliko inavyofaa. Vitabu vinavyotoka Tanzania na Kenya ni vizuri, lakini mtu wa Katuba akivisoma anaona sawa anasikiliza mgeni mwenye heshima: anaelewa, anashukuru, hacheki. Kiswahili tunachochekea kilikaa ku radio na ku televizio, na kundi la Mufwankolo, miaka na miaka. Ku karatasi hakikuenda sana. Ndiyo maana tunataka kusimama hapa juu ya kitabu kimoja ambacho hakuna hata mmoja alikitaja tulipokuwa tunauliza, nacho kwetu kinapita vyote tulivyotaja.

Mwaka 1965, mji ungali ukiitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa jina la wafanyakazi wa zamani wa nyumba za Wazungu: maboyi, wapishi, wale waliovaa kaputula nyeupe. Kichwa ni cha Kifaransa, kinasema ni vocabulaire ya mji, lakini ndani ni Kiswahili cha jikoni na cha njia, kile tunachokisema sisi wote na ambacho shule ilitufundisha kukionea haya. Kilipigwa ku masini ya kuandika, kikazidishwa, kikagawanywa. Hakikupita katika mikono ya mchapishaji. Johannes Fabian, aliyefundisha antropolojia ku université yetu mu miaka ya 1970, alikitoa mwaka 1990 ndani ya kitabu cha Kiingereza kiitwacho History from Below, pamoja na picha za kurasa zenyewe. Tangu 2001 mtu anaweza kukisoma ku intaneti pia, bila kulipa.

Ukikifungua mara ya kwanza, unakasirika. Maneno mawili yameshikana, neno moja limekatwa vipande viwili, nukta hazionekani pale unapozitaka. Unaanza na mfalme wa Wabelgiji, mbele ya kupumua umekwisha kufika ku posho ya unga. Fabian mwenyewe alieleza kwamba alishindwa kukishika vizuri kwa macho, mpaka kijana wa hapa, Kalundi Mango, alipokisoma kwa sauti na sauti ikashikwa ku kanda. Pale maneno yakajitenga kila moja ku fasi yake. Profesa mwenye elimu yote alihitaji kinywa cha mtoto wa mji. Sisi hatuoni ajabu. Yav aliandika kama vile mtu anayesimulia katika barza, na karatasi kwake ilikuwa fasi ya kuwekea sauti tu.

Na anasimulia nini? Anatoka mbali, ku Leopold II na kuingia kwa Wazungu katika inchi ya Msiri, anateremka mpaka siku za uhuru. Watu wa historia watamshika shati: anarukaruka miaka, anarudi nyuma, analosema hapa analisema tena kule kwa namna nyingine. Mwenye kutaka tarehe ya kuuawa kwa Msiri, tarehe 20 Desemba 1891, aitafute kwingine. Lakini Yav na wenzake walijua kitu ambacho gavana hakukiandika. Walisimama nyuma ya kiti wakati wa kula. Walijua Bwana gani anapiga na Bwana gani anasema asante, mshahara ulikuwa kiasi gani na posho ilikuwa nini, na kila Mzungu waliita kwa jina gani yeye asiposikia. Historia ya Union Minière imeandikwa mara nyingi toka ku mlango wa mbele. Hii inatoka ku mlango wa jiko.

Kuna pale anaposema juu ya batumbula, wale watu wa usiku waliosemwa kwamba wanakamata Waafrika na kuwapelekea Wazungu wawale. Wasomi vijana wanacheka wakifika hapo, au wanaona haya, wanataka kuruka. Tunawaomba wasiruke. Hapa wazee hawakucheka hata mmoja. Mtu ambaye aliona wenzake wanaingia katika kazi wazima na hawarudi, alikuwa na sababu ya kuuliza wanaliwa na nani.

Tulikisoma kwa sauti katika lupango moja ya komini Kenya, mangaribi kadha. Msomaji alikuwa msichana wa humanités. Kulikuwa mzee mmoja, mpishi wa zamani, ambaye hakumuacha amalize mstari. Kila neno la jikoni alilishika: lile la sufuria, lile la kabati ya nyama, lile la chumba kidogo cha nyuma ambamo boyi alilala. "Ngoja, mutoto, ngoja. Ile haikuwa vile tu." Halafu anaongeza. Yale aliyoyaongeza hayako ku karatasi, wala mu kitabu cha 1990, wala ku intaneti. Mtu aliyeanza kazi ya nyumba mwaka 1955 akiwa na miaka kumi na mitano, alizaliwa 1940. Kila mmoja anaweza kufanya hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo kuna mabishano kati yetu, na tunayaweka hapa wazi. Wote tunataka maandiko ya Yav yachapwe upya, kwa bei ya mwanafunzi. Lakini walimu wengi wanasema tuyageuze kwanza katika Kiswahili bora, ili batoto wasijifunze makosa. Wengine wanasema tusiguse hata herufi moja, ni mali ya wafu. Sisi tunaoandika kurasa hizi hatuko na hawa wala wale. Kuacha maneno yameshikana vile yalivyo ni kumfungia mlango msomaji wa leo, ambaye hana Kalundi Mango karibu. Basi tuyatenge maneno, tuweke nukta pale msomaji anapovuta pumzi. Tukomee hapo. Ukigeuza njo kuwa ndiyo, bantu kuwa watu, kuya kuwa kuja, utakuwa na kitabu safi, na yule mpishi wa komini Kenya atasikia padri au mtu wa radio. Hatasikia mwenzake wa kazi. Hatamkatiza tena, atanyamaza kwa adabu, na yale ya kuongeza atabaki nayo.

Tungependa pia pembeni ya kila ukurasa ibaki nafasi nyeupe, pana kidogo, ya kuandikia yale wazee wanayosema. Mchapaji mmoja alituambia kwamba nafasi nyeupe ni karatasi inayopotea, na karatasi ni feza. Tungali tunaongea naye.

Kwa sasa kuna fotokopi moja inayozunguka kati yetu. Kurasa za mwanzo zimelainika sawa kitambaa, na wino umefifia pale ambapo kila msomaji anaanza. Kurasa za mwisho zingali nyeupe na ngumu.